Kabla ya fimbo, pitisha ukucha

Mzazi mwenye gari na mtoto mdogo, ipo siku atakuta mchoro mlangoni. Wengine huchorewa kwa jiwe, wengine kwa usukani wa baiskeli. Mjomba wangu wa Shume, kule Lushoto, alikwaruziwa kwa sponji ya kuoshea vyombo.

Noah yake ya bluu ndiyo shamba lake la pili. Inashusha abiria na magunia ya karoti hadi Lushoto mjini, na nauli hiyo ndiyo ada ya watoto. Siku moja nikiwa nimewatembelea, gari lilirudi limejaa tope. Mwanawe wa miaka saba akachukua ndoo, sabuni ya unga na sponji ya jikoni, akasugua mlango kwa ule upande wa kijani unaotolea ukoko wa ugali. Tope lilipotoka, mlango ulikuwa na vimikwaruzo vya mviringo kama utando wa buibui, vikionekana kila jua lilipopiga.

Mjomba alikuwa ameshakata fimbo. Mtoto akasema, "Baba, nilitaka ling'ae."

Bibi akatoka jikoni. "Mwanangu, huyu alikuwa anakuogeshea gari. Angalia kwanza ameharibu kiasi gani."

Kuangalia huko kuna njia yake. Rangi ya magari mengi ya siku hizi ina matabaka: chini praima, katikati rangi yenyewe, na juu tabaka la kung'aa lisilo na rangi ambalo mafundi huliita klia. Klia ni nyembamba kuliko unywele. Kwa sisi tunaoandika habari za afya, ni rahisi kuifananisha na ngozi ya juu: mchubuko mdogo hauhitaji kushonwa. Pitisha ukucha polepole ukikatisha mkwaruzo. Ukiteleza bila kukwama, mkwaruzo uko kwenye klia na unaweza kuupunguza au kuuondoa kwa mkono. Ukikwama, au ukiona weupe wa praima au chuma, mwite fundi wa rangi.

Ukucha wa mjomba uliteleza. Fimbo ikaegemezwa ukutani.

Kazi yenyewe tuliifanya kesho yake. Gari liwe kivulini na bodi iwe baridi. Lioshe kwa maji mengi kwanza, kwa sababu punje moja ya mchanga ikibaki utakuwa unachora upya. Likaushe kwa kitambaa laini. Chukua polishi laini ya kuondolea mikwaruzo kutoka duka la vipuri, kiasi cha punje ya haragwe, uweke kwenye sponji laini. Ijaribu kwanza mahali pasipoonekana. Sugua eneo dogo, kama ukubwa wa daftari lililofunguliwa, dakika mbili au tatu kwa nguvu ya wastani. Futa, tazama kwenye mwanga, rudia ikibidi. Mwisho paka nta ya gari.

Usirudie kila wiki. Polishi haizibi mkwaruzo. Inapunguza klia iliyouzunguka mpaka pawe sawa, na klia iliyoondoka hairudi. Kwenye kingo za mlango ni nyembamba zaidi, hivyo pita kwa wepesi. Kitambaa kikianza kutoka na rangi ya gari, acha hapo hapo: ama klia imekwisha, ama gari hilo halina klia. Dawa ya meno inayosifiwa kwenye makundi ya WhatsApp nayo ina chembe za kukwangua, ila zimetengenezwa kwa ajili ya meno.

Saa mbili baadaye utando ulikuwa umetoweka, isipokuwa mistari mitatu karibu na kitasa. Mjomba aliiacha. Kisha akamwita mwanawe, akamwonyesha ndoo mbili, moja ya sabuni na moja ya kusuuzia kitambaa, na kwamba unaosha kuanzia juu kwenda chini, kwenye tope zaidi mwisho. Mtoto sasa ana kazi yake, na sponji ya kijani imerudi jikoni kwa bibi.

Jambo moja kwa wazazi. Polishi nyingi zina vimiminika vya jamii ya mafuta ya petroli. Zitumie nje penye hewa, vaa glavu, na usimwachie mtoto azishike. Usizihamishie kwenye chupa ya soda au ya maji, wala petroli au mafuta ya taa, maana mtoto huamini chupa anayoijua. Akinywa, usimtapishe: mafuta hayo yakipanda yanaweza kuingia kwenye mapafu na kumdhuru zaidi. Mkimbize kituo cha afya, na uibebe chupa hiyo ili mganga aone alichokunywa. Mlango wa gari unaweza kusubiri hadi Jumamosi, lakini mapafu ya mtoto hayasubiri.