Gurudumu Lililochelewa Unyanyembe

Ng'ambo, Tabora

Mjukuu wangu,

 Ujumbe wako nimeusoma na nimefurahi kwamba walimu wamekuteua uongoze upande wa kuunga mkono kwenye mdahalo. Mada yenu, "Gurudumu ni uvumbuzi mkubwa kuliko wote katika historia," ni ya kupendeza. Hoja ulizoniletea ndizo zimenipa shida. Gurudumu, mashine ya kuchapa ya Gutenberg, umeme, mtu kukanyaga mwezini mwaka 1969: orodha hiyo anaweza kuiandika mwanafunzi yeyote wa London au Tokyo bila kubadilisha nukta. Wewe ni mtoto wa Unyanyembe. Kila hoja yako ipitishe kwanza njia ya misafara ya Bagamoyo kwenda Ujiji, tuone kama itafika.

Gurudumu halikufika. Karibu karne nzima ya 19, pembe za ndovu zilizoteremka pwani, na merikani, kaniki, shanga na baruti zilizopanda bara, vyote vilipita hapa vichwani na mabegani mwa watu. Usije ukasema mbele ya watu kwamba wazee wetu walikuwa hawajui gurudumu. Waarabu na Wahindi waliojenga tembe zao hapa kwetu, Kwihara na Kazeh, walikuwa wameyaona magari ya kukokotwa huko walikotoka. Kilichozuia ni ndorobo. Ng'ombe na farasi wakiumwa na mdudu huyo katika miombo, wanakonda na kufa, na gari lisilo na wa kulivuta ni kuni tu. Mwaka 1877 wamisionari wa London walijaribu kupeleka mizigo Mpwapwa kwa magari ya maksai, maksai wakafa. Mwaka 1879 Mfalme Leopold wa Ubelgiji akaja na lake: tembo wanne kutoka India, wakashushwa Msasani, wapandishwe mpaka Ziwa Tanganyika. Wakafa mmoja mmoja.

Wakati mabwana hao wanahesabu mizoga, Mnyamwezi anapita na mzigo wake. Hapa usiwe na haraka, maana wapinzani wako hawatakuwa na habari hizi. Mzigo wa kawaida ulikuwa kama frasila mbili, yaani kilo 32 hivi, na juu yake mpagazi aliongeza mkeka wake, chungu chake na vijibidhaa vyake vya kuuza njiani. Pembe kubwa ilikaa begani, na nchani mwake wengine walifunga kengele ya ng'ombe. Mbele alitangulia kirangozi, na hapana aliyeruhusiwa kumpita. Wasafiri Waingereza Burton na Speke waliondoka pwani Juni 1857, wakaingia Kazeh Novemba. Katika miezi hiyo wapagazi walikuwa na desturi zao kuhusu posho, mapumziko na mshahara, na tajiri aliyezivunja aliwakuta asubuhi wametua mizigo na hawainuki. Walikuwa na mgomo kabla hatujawa na chama cha wafanyakazi. Mtu akiniuliza uvumbuzi mkubwa wa njia ile ulikuwa nini, nitamtajia utaratibu huo wa msafara, halafu nitamtajia chakula. Mahindi, mihogo na viazi vitamu vilivyouzwa kambini asili yake ni Amerika. Bila safari ya Columbus ya mwaka 1492, sijui msafara wa watu mia tano ungelishwa nini.

Sasa rudi kwenye gurudumu lako, maana sitaki uliache. Reli ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Gurudumu liliingia mjini kwetu siku lilipopata mvutaji asiyeumwa na ndorobo. Mpinzani mwenye akili atakurukia hapo hapo: basi mkubwa ni mvuke! Mkubalie nusu. Mwambie mvuke ulikuwepo Uingereza miaka mingi ukivuta maji migodini, na haukusafirisha mtu nchi kavu mpaka ulipowekwa juu ya magurudumu. Kumkubalia mtu nusu ya neno lake mbele ya ukumbi kunamnyima la kusema zaidi kuliko kumpigia kelele.

Ila usiisifu reli kama tarishi wa serikali. Mimi nimekula mshahara wa reli mpaka nikastaafu, na bado nasema hivyo. Kazi ya upagazi wa msafara ilikufa katika miaka michache, na vijana waliokuwa wakipatana bei na matajiri wakapanda behewa kwenda kukata mkonge Tanga, manamba, kwa mkataba walioukuta umeshaandikwa. Na vita ya 1914 hadi 1918 ilipofika mahali reli isipofika, watu wakarudishwa chini ya mizigo, safari hii kwa kukamatwa. Ukitaja uvumbuzi wowote, uliza pia mzigo ulihamia bega la nani.

Nimeitaja vita, na hapo nakuonya upande wa pili. Usijifungie Tabora ukadhani ya mbali hayatuhusu. Juni 1914 kijana mmoja alimpiga risasi mwanamfalme kule Sarajevo. Miaka miwili baadaye Wajerumani, wamezingirwa na hawapati fedha kutoka kwao, wanapiga sarafu hapa Tabora katika karakana ya reli. Za heller walizitengeneza kwa shaba waliyookoteza, na za rupia 15 kwa dhahabu ya Sekenke, zikiwa na picha ya tembo amenyanyua mkonga. Tazama chini ya sarafu hiyo utaona herufi T. Septemba 19, 1916 Wabelgiji wakaingia mjini. Risasi ya Sarajevo ingeweza kutajwa katika mdahalo wowote duniani. Ukiitaja pamoja na ile herufi T, ukumbi utakusikiliza.

Neno "aligundua" nalo lichunge. Speke alipokaa Kazeh mwaka 1858, Waarabu wa hapa, akiwemo Snay bin Amir, walikuwa wameshamweleza habari za ziwa kubwa la kaskazini. Akaongozwa, akalifikia, akalipa jina la malkia wake. Baadaye yeye na Burton wakagombana juu ya chanzo cha Nile, wakapangiwa mdahalo mjini Bath, Septemba 1864, na siku moja kabla Speke akafa kwa bunduki yake mwenyewe. Waliowaonyesha njia hakuna aliyewaalika Bath.

Umeniuliza mimi ningechagua nini. Kama mada ingekuwa tukio badala ya uvumbuzi, ningesema Januari 1958, mkutano mkuu wa TANU hapa Tabora. Mkoloni alikuwa ameleta uchaguzi wa kura tatu: kila mpiga kura lazima amchague Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja, na mpiga kura mwenyewe awe na kipato au elimu ya kutosha. Wajumbe wengi walitaka kuususia, na walikuwa na haki ya kukasirika. Nyerere, aliyesoma na kufundisha katika mji huu, akawashawishi waingie. Zuberi Mtemvu akajitoa TANU, akaanzisha chama chake cha ANC. Uchaguzi wa 1958 na 1959 wagombea waliobebwa na TANU wakashinda, na Desemba 9, 1961 tukapata uhuru. Uamuzi ule, tunaouita leo Uamuzi wa Busara, tumeujengea mnara, lakini siku ile kwa wengi ulionekana ni kusalimu amri. Hapakuwa na mashine wala risasi. Watu walikaa ukumbini wakameza neno chungu. Tukio la namna hiyo halimo katika orodha yako hata moja.

Bibi yako ameyasoma haya juu ya bega langu, akasema wanaume tunapenda vita na mikutano. Kwake yeye uvumbuzi ni mashine ya kusaga. Anasema sisi hatukupigishwa kinu alfajiri na mtoto mgongoni, ndiyo maana hatuikumbuki. Nimemwambia mashine hiyo nayo inazunguka kwa magurudumu, akanyamaza kidogo, halafu akasema hata jiwe la kusagia lilikuwa linafanya kazi bila gurudumu, tatizo lilikuwa mikono ya nani. Hoja hiyo ichukue, nimeshindwa kuijibu.

Nenda Kwihara Jumamosi ukaone tembe aliyoishi Livingstone mwaka 1872 akisubiri wapagazi. Wapagazi, mjukuu wangu. Safari yake ilisimama mpaka walipofika. Halafu niandikie mpinzani wako alisema nini kuhusu mvuke.

Ni mimi babu yako