Zamu ya usiku (9): Fundi redio wa kitanda cha dirishani

Mlioniuliza habari za yule mzee wa kidonda, leo namalizia. Mambo mawili matatu nimeyabadilisha asijulikane.

Mzee alikuwa fundi redio. Kisukari kilishamla vidole viwili vya mguu na weusi unapanda. Daktari akasema ukatwe chini ya goti. Siku ya tatu, mzee hataki kusaini fomu. Nikaambiwa, "Kaongee naye, wewe anakusikiliza."

Saa nane usiku nikamkuta macho, karedio kake sikioni. Shikamoo, marahaba. Kabla sijaanza maneno yangu akaniuliza, "Mwanangu, kituo kikizimwa, mawimbi yaliyokwisha kutoka yanakwenda wapi?"

Jamani, fizikia mimi niliiacha kidato cha nne na D yangu. Ila siku zile nilikuwa nasoma kwenye simu kuhusu galaksi kubwa za redio, basi nikavuta kiti.

Nikamwambia katikati ya galaksi hizo kuna shimo jeusi, zito kuliko mamilioni ya majua, mengine mabilioni. Likiwa linakula, gesi inalizunguka kwa kasi kabla ya kuzama. Si yote inaingia. Ni kama mtoto anayelishwa uji kwa pupa, mwingine unamwagika nje. Nguvu za sumaku zinaurusha huo uliobaki pande mbili, karibu na kasi ya mwanga, na unatoa mawimbi ya redio.

"Antena zipi zinayakamata?" Hapo ufundi ukamwamka. Nikamwambia Afrika Kusini, kwenye nyika ya Karoo, wana MeerKAT, madishi 64 yanayofanya kazi kama moja. Mwaka 2025 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cape Town walitangaza galaksi waliyoigundua nayo, wakaiita Inkathazo, yaani tabu kwa Kixhosa na Kizulu, maana iliwasumbua kuielewa. Mwanga ukitoka ncha moja unafika ya pili baada ya miaka milioni 3.3. Galaksi yetu hii ingepangwa mara 32 ndipo ifikie.

Akanyamaza. "Na shimo likiacha kula?"

Mkondo unakatika, nikamjibu, lakini yale mawingu ya pembeni yanaendelea kutoa redio mamilioni ya miaka, yakififia taratibu. Mengine shimo linaanza kula tena, unakuta mawingu mapya ndani ya yale ya zamani. La kwetu lina uzito wa majua milioni 4 hivi, na sasa limetulia.

"Kapasita hiyo," akasema. "Unazima redio, kataa kanabaki kanawaka."

Fomu sikuitaja. Asubuhi mkuu wa wodi alinisema, na alikuwa na haki, maana kidonda hakisubiri hadithi.

Nikawa mapumziko siku mbili. Kurudi, kitanda kitupu. Moyo ukanipasuka. Kumbe kapelekwa upasuaji, kasaini mwenyewe. Nisijipe sifa, binti yake alikuja kutoka kijijini wakalia pamoja.

Nikaenda kumwona. Shuka limelala upande mmoja. Akasema vidole vinamwasha, vile vya mguu ambao haupo, mpaka usingizi hapati.

"Kituo wamefunga," akanong'ona, "mawimbi bado."

Nikaandika kwenye faili. Maumivu ya namna hiyo ni ya kweli na yana dawa zake. Nikamtafuta daktari wa zamu.