Bonde la Lambwe na Amana Yake

Aendaye Mbita kulitazama Ziwa Viktoria asirudi Pwani kabla ya kuwafikisha wanawe bonde la Lambwe, ilipo Mbuga ya Taifa ya Ruma. Chini ya magenge ya Kanyamwa ndipo makao pekee ya korongo katika Kenya nzima, swala mkubwa mwenye uso mweusi na mweupe, ambaye sasa amebakia kwa uchache mno.

Miongoni mwa waliomhifadhi ni mbung'o. Kwa kuhofu malale, watu waliliepuka bonde hili, hata likatengwa kuwa hifadhi mwaka 1966, na mbuga ya taifa mwaka 1983. Mdudu tumlaaniye alikuwa boma la mnyama tusiyemjua. Mola hakuumba kitu bure.

Hata hivyo, tahadhari ni wajibu. Mbung'o huvutiwa na weusi na buluu, ndiyo maana mitego yake hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Basi akina mama, buibui jeusi lipumzike siku hiyo. Stara hutimia pia kwa vazi pana la rangi ya mchanga. Wala msitembee kwa miguu ila kwa idhini ya askari wa mbuga.

Waonyesheni watoto korongo angali hai, wapate kujua kuwa kiumbe ni amana.