Mti wa Mpangaji

Huku Rudewa wilayani Kilosa tunashona kwenye fremu ya kupanga na tunalala nyumba ya kupanga. Mpangaji hapandi mwembe. Mti wa kudumu ukishashika ardhi huleta maneno ya umiliki, kwa hiyo mwenye nyumba hukataa mapema. Tulipoiona bonsai mara ya kwanza hatukuwaza urembo. Tuliwaza kwamba huu mti unahama na mwenyewe.

Jina ni la Wajapani, ambao ufundi wenyewe waliupata kwa Wachina. Bonsai si aina ya mti. Ni mti wa kawaida unaokuzwa kwenye chombo kifupi na kupunguzwa kwa mkasi.

Anayeanza tunamwambia mkwaju. Mbegu hainunuliwi: kula ukwaju, loweka kokwa usiku kucha, panda. Majani yake ni madogo, ndiyo maana mti wa futi moja unaonekana kama mzee wa kando ya barabara. Wetu ulitoka kwenye mkwaju wa nyumbani kwa mama, ambao wenyewe umeshakuwa mkaa. Umebaki huu wa kwenye beseni, na tumehama nao mara mbili.

Fikasi nayo haina shida, bogenvilia pia, inashika kwa kijiti. Waridi la jangwani ni zuri ila utomvu wake ni sumu. Mwenye watoto wadogo aliache. Usihangaike na mnazi, wala mkumi ulioipa jina Hifadhi ya Mikumi. Miti hiyo hukua kwa kilele kimoja, ukikikata umeua mti.

Sisi mafundi kinachotufurahisha ni kwamba kitambaa ukikikata vibaya hakirudi, lakini mkwaju unachipua. Kata juu kidogo ya jicho linaloelekea unakotaka tawi liende. Tawi gumu lizungushie waya laini wa alumini kwa mshazari, likunje taratibu, kisha likague kila wiki. Waya ukianza kuzama kwenye ganda, ukate vipande vipande. Ukiufungua kwa kuzungusha utavunja tawi.

Mizizi tunaigusa masika yakianza, na hatuondoi zaidi ya theluthi moja. Udongo ni mchanga mkubwa wa mtoni, tofali la kuchoma lililopondwa na mboji kidogo. Chombo kiwe na matundu, kikae nje juani. Wengi huuweka sebuleni kama pambo la kabati, halafu wanashangaa majani yanapukutika.

Wapo wanaosema ni kuutesa mti. Mti ulioshindishwa njaa hufa. Huu unakula, unakunywa, unatoa majani mapya. Wengine, hasa wenye asili ya pwani, wanauliza kama mkwaju mlangoni hauiti majini. Hao tunawajibu kwamba kila asubuhi tunapiga Bismillahi, tunamwagilia, tunafungua duka.