Ndimi Mbili, Mifuko Miwili

Kuna kazi za mikono zinazoshikwa kwa gundi, nyingine kwa uzi na sindano, nyingine kwa misumari. Tufe la karatasi tunalotaka kuwasimulia wasomaji wetu leo halina kimojawapo katika hivyo. Limeundwa kwa vipande 30, kila kimoja kimekunjwa sawasawa na mwenzake, na vyote vimeshikana kwa kuingiana tu. Kwa mbali utadhani ni nyota yenye ncha nyingi. Ukilishika mkononi utastaajabu kwamba karatasi tupu, iliyokuwa ikipeperushwa na feni muda mfupi uliopita, imekuwa ngumu kiasi hicho.

Sanaa hii ya kukunja karatasi inajulikana duniani kwa jina la Kijapani, origami: ori maana yake ni kukunja, na kami ni karatasi. Karatasi yenyewe asili yake ni Uchina. Kwa upande wetu wa dunia ilipitia Samarkand, na mwishoni mwa karne ya 8 ilikuwa tayari ikitengenezwa Baghdad. Wajapani waliipokea kwa njia yao, wakaikunja kwa namna ambayo wengine hawakuifikiria. Katika kitabu chao kimoja cha mwaka 1734, Ranma Zushiki, mna mchoro wa kisanduku cha mchemraba kilichoundwa kwa vipande vilivyokunjwa kila kimoja peke yake. Kipande tulichokitumia sisi huitwa kwa jina la Mitsunobu Sonobe, Mjapani wa karne ya 20.

Nyumbani kwetu kililetwa na mjukuu wa Gredi ya 6, katika ukurasa mmoja wa michoro aliopewa darasani. Sisi ni wake wa ndugu watatu tunaoishi chini ya paa moja na mama mkwe wetu, Mombasa. Wifi yetu, binti yake wa pekee, yuko Malindi na huja kila mwisho wa juma. Mama alikuwa msukaji wa mikeka. Ukili wake ulijulikana mtaani kwa kubana, na wapo watu wazima leo ambao walilazwa utotoni juu ya mikeka aliyoisuka yeye. Kisha akapatwa na kiharusi, na mkono wa kulia ukapungukiwa na nguvu. Fundo la ukili aliokuwa hajaumaliza likatundikwa ukutani na kubaki hapo.

Mgonjwa wa namna hii huzungukwa na watu, na hilo ni jambo la kushukuriwa. Mmoja humvisha, mmoja humlisha, mmoja humshika anapokwenda kutawadha. Lakini siku moja, baada ya sala ya alasiri, Mama alitamka neno lililotukaa moyoni. Alisema, "Ugonjwa huu umenifanya mgeni nyumbani kwangu. Nakaa, naletewa." Hakuwa akilalamika juu ya mtu. Alikuwa akieleza hali ya mtu ambaye maisha yake yote alikuwa mtoaji, na ghafla hana la kutoa.

Mjukuu alitandaza ukurasa wake mbele ya bibi yake. Mama anasoma hati za Kiarabu, alizojifunza chuoni akiwa mdogo. Hizi nyingine hakuwahi kuzizoea. Lakini michoro ile haikuhitaji hati yoyote. Ilikuwa na mistari ya vitone, mistari mizima na mishale. Utaratibu huo wa alama ulienezwa na bingwa wa Kijapani, Akira Yoshizawa, katika kitabu alichokichapisha mwaka 1954, na leo mkunjaji wa nchi yoyote anaweza kumfuata mwenzake bila ya kujua lugha yake. Kwa hiyo bibi na mjukuu walianza wakiwa sawa: hapakuwa na msomi wala asiyesoma.

Kwa wanaotaka kujaribu, kazi yenyewe huenda hivi. Chukua karatasi ya mraba. Ikunje katikati, uifungue. Kisha zilete kingo mbili mpaka kwenye mstari wa katikati, kama milango miwili ya kabati inavyofungwa. Ifungue milango hiyo, na katika pembe mbili zinazotazamana kwa ulalo ukunje vijipembetatu vidogo, halafu uifunge tena. Sasa una ukanda mrefu. Ulete upande mfupi wa juu ulale sawa na ukingo mrefu, na ncha yake uichomeke chini ya mlango wa pili. Ufanye vivyo hivyo kwa upande wa chini. Litatoka umbo la msambamba. Ligeuze, uzikunje ncha zake mbili kali, na katikati utabaki mraba mdogo wenye ndimi mbili za pembetatu, mmoja huku na mmoja kule. Kwa tufe, mraba huo hukunjwa tena kwa ulalo wake; kwa mchemraba huachwa kama ulivyo.

Kila kipande, basi, kina ndimi mbili. Na kwenye uso wake, pale milango ilipochomekwa, mna mifuko miwili. Ulimi wa kipande kimoja huingia katika mfuko wa jirani yake. Vipande 6 hufanya mchemraba, kila kimoja kikiwa uso mmoja. Vipande 12 hufanya nyota yenye piramidi ndogo 8. Vipande 30 hufanya tufe la piramidi 20, na piramidi tano hukutana katika kila kitovu. Ukihesabu ndimi katika tufe hilo utapata 60, na mifuko pia ni 60. Hakuna ulimi unaobaki nje, wala mfuko unaobaki mtupu.

Karatasi hazikutugharimu. Majani ya kalenda za ukutani za mwaka uliopita yalifaa kuliko yote, kwa kuwa ni imara na yana rangi. Gazeti ni laini mno, na karatasi nene ya kadi hupasuka kwenye mkunjo. Anayetumia karatasi za kawaida za ofisi aikate kila moja kuwa mraba wa sentimita 21, kisha augawe mara nne. Karatasi 8 zitampa vipande 32, yaani vya tufe zima na viwili vya akiba. Akumbuke pia kwamba siku za masika hewa yetu ya pwani huilegeza karatasi, basi vipande vihifadhiwe ndani ya kopo lenye kifuniko. Na kwa kuwa tufe hili ni umbo la hisabati tupu, si la kiumbe, halileti mjadala katika nyumba zinazochunga mambo ya sanamu.

Mama alijichagulia kazi mwenyewe. Mkono wake wa kulia aliuweka juu ya karatasi uwe uzito, isiteleze. Kwa ukucha wa dole gumba la kushoto akapiga mkunjo mpaka ukalala. Watoto walikunja, yeye akapiga ukucha. Haikupita jioni ya pili kabla hajawa mkaguzi. Kila kipande kilipita kwake. Alikiinua kwenye mwanga wa dirisha, na kingo zisipokutana alikirudisha. "Huu ukili umelegea, mwanangu," alisema. "Fumua." Mtoto alifumua, akakunja upya, akaleta tena. Kipande kimoja kilichokunjwa kinyume, kulia mahali pa kushoto, alikitambua kwa kukipapasa tu. Kipande cha namna hiyo huwa kizuri peke yake, lakini hakiwezi kuingia popote, kwa maana mifuko yake imeelekea upande mwingine.

Uunganishaji ulichukua siku tatu. Vipande vya mwanzo ni vyepesi. Vitatu vikikutana, piramidi imesimama. Ugumu uko mwishoni. Kipande cha 30 hutakiwa kuingiza ndimi zake mbili na papo hapo kupokea ndimi za majirani wawili, na nafasi iliyobaki ni finyu. Mmoja wetu alilishika tufe, mwingine akasukuma, na kila tulipokaza upande huu, upande ule ulichomoka. Mama alitutazama, kisha akasema kama anayezungumza na chane za miyaa: "Msisukume. Walegezeni majirani kwanza." Tukavivuta nje kidogo vile vilivyokizunguka, kipande cha mwisho kikaingia, ndipo tukavirudisha vyote pamoja kwa viganja, polepole, kutoka pande zote. Tufe likajifunga.

Tumelifikiri sana neno lile. Katika kumtunza mgonjwa, kila mmoja wetu ana sehemu yake. Mke wa ndugu mkubwa hukesha naye usiku. Wa pili, ambaye ni mwajiriwa, hufuatilia dawa na siku za kliniki. Wa tatu ana mtoto mchanga, na jiko ni lake. Wifi anapofika kutoka Malindi humwogesha mama yake na kumsuka nywele, na sisi hupumzika. Wasomaji wetu wengi wanaishi katika mpango kama huu na wanaujua uzito wake. Kinachoangaliwa zaidi huwa ni nani anatoa kiasi gani. Kile kipande cha karatasi kilituelekeza upande wa pili wa hesabu: anayetoa tu, asiyekubali kupokelewa mzigo wake hata usiku mmoja, huyo ana ndimi bila ya mifuko, na kwa muda mrefu hawezi kushikana na wenzake. Na anayepokea tu hata kama kwa ajili ya maradhi, naye hujiona anachomoka. Mgonjwa anahitaji kuoshwa na kulishwa. Anahitaji pia kuachiwa jambo ambalo bila ya yeye halitendeki.

Hatudai kwamba karatasi ni dawa. Mkono wa Mama bado ni dhaifu, na mazoezi aliyopangiwa na mtaalamu wa viungo yanaendelea kwa utaratibu wake. Yeye mwenyewe anajua kwamba hatasuka mkeka mzima tena kwa mikono yake. Lakini tufe lilipokamilika, mjukuu aliinua macho akaliona lile fundo ukutani. "Bibi," aliuliza, "na ule nao unaingiana vipi?" Mama alikaa kimya kidogo, kisha akaagiza uteremshwe. Miyaa ilikuwa imekauka, ikarowekwa maji ili ilainike. Tangu siku hiyo, baada ya alasiri, bibi husema na kuonyesha kwa mkono wa kushoto, na vidole vya mjukuu hufuata. Ukili haujanyooka kama ule wa zamani. Mahali kazi ya mmoja ilipoishia na ya mwingine ilipoanzia panaonekana wazi, na Mama amekataa pafichwe.

Kwa familia itakayopenda kuanza, ushauri wetu ni mchemraba wa vipande 6 kwanza; jioni moja inatosha. Mpeni kila mtu kipande chake, na mzee wa nyumba msimwache akitazama tu. Kama macho yake ni mazito, mpeni apige mikunjo. Kama vidole ni vizito, mpeni akague. Na mkifika kipande cha mwisho kikakataa kuingia, msikisukume. Walegezeni majirani kwanza.