Bendi Yetu Ilikufa kwa Sababu ya Elfu 45

Wiki mbili zilizopita nilikuwa Karume natafuta jinsi. Nikakutana na kijana muuzaji kavaa tisheti nyeusi yenye mistari myeupe ya mawimbi kifuani, ile ambayo kila mtu mjini ameshaiona. Wengine wanasema ni milima, wengine wanasema ni mapigo ya moyo. Nikamuuliza, "Kaka, hiyo bendi unaisikiliza?" Akaniangalia kama nimemtukana. "Bendi gani tena, dada? Hii nimeitoa kwenye belo. Kama unaitaka, buku tatu, naivua hapa hapa."

Nilicheka, lakini njia nzima kwenye daladala sikuacha kuifikiria.

Ile mistari si milima. Ni mawimbi ya redio kutoka kwenye mabaki ya nyota iliyolipuka zamani, kitu ambacho wanasayansi walikigundua mwaka 1967. Mwaka 1979 mchoro wake uliwekwa kwenye jalada la albamu ya Unknown Pleasures ya Joy Division, vijana wanne wa upande wa Manchester, Uingereza. Walianza mwaka 1976, hata vyombo hawajavijua vizuri. Kufika Mei 1980 bendi ilikuwa haipo tena. Albamu mbili tu, na ya pili ilitoka wakati mwimbaji wao, Ian Curtis, yuko kaburini. Zaidi ya miaka arobaini baadaye, tisheti yao inauzwa Ilala na mtu asiyewajua.

Nawajua kwa sababu kuna jamaa aliniwekea nyimbo zao kwenye simu. Jamaa huyo alikuwa mpiga dramu wetu. Ndiyo, na mimi niliwahi kuwa na bendi. Ya roki. Hapa hapa Dar. Tulidumu miezi kumi na moja.

Tulikuwa wanne. Mimi napiga besi. Mpiga dramu alikuwa katokea kanisani, kama wapiga dramu wengi wazuri wa mji huu. Jumapili anapiga mapambio, Jumatatu jioni anapiga kama mtu anayepigana na jini. Mpiga solo alikuwa fundi simu, na pedali yake ya kukwaruza sauti aliitengeneza mwenyewe kwa vipande vya redio mbovu. Mwimbaji alikuwa mwanafunzi wa chuo, mpole ajabu. Ukimsikia akiongea huwezi kuamini ile sauti inakaa wapi.

Tulifanyia mazoezi stoo ya mama yake mpiga dramu, Tabata. Sote tulimwita Bi Mkubwa. Ukutani tulitundika magodoro ya zamani ili majirani wasilalamike. Walilalamika vilevile. Kuna mzee mmoja alikuja kuuliza kama kuna mtu anatolewa pepo humo ndani. Bi Mkubwa akamjibu, "Ni watoto, Mzee, wanatafuta maisha." Saa mbili usiku anatuita kula. Wali maharage, siku akiwa nazo anaongeza dagaa. Mimi alikuwa ananishika mkono, anaangalia vidole vyangu vilivyotoka malengelenge kwa nyuzi za besi, anatikisa kichwa. "Mwanangu, nani atakuvisha pete kidole hiki?" Halafu ananipakulia ukoko, kwa sababu alijua naupenda.

Tulipiga shoo tatu. Ya kwanza, baa, mteja mmoja alituma noti ya elfu tano na ujumbe kwamba tunyamaze. Ya pili, chuoni kwa mwimbaji, watu kama sitini, na walirukaruka kweli. Ya tatu ndiyo ilitumaliza.

Kabla sijafika huko, niwaambie kitu nilichokuwa najidanganya nacho kwa miaka mitano.

Baada ya bendi kufa nilisoma sana kuhusu bendi zilizodumu muda mfupi. Nilizipenda zote. Cream, kwa mfano. London, mwaka 1966, watu watatu, kila mmoja akitajwa kuwa mkali wa chombo chake. Eric Clapton gitaa, Jack Bruce besi, Ginger Baker dramu. Kasheshe ni kwamba Jack na Ginger walikuwa na ugomvi toka bendi ya nyuma, ambako Ginger ndiye alimfukuza Jack, na inasimuliwa kwamba walishafika hatua ya kutoleana kisu. Ginger ndiye aliyemfuata Clapton amwambie waanzishe bendi. Clapton akasema sawa, ila na Jack awemo. Yaani bendi ilizaliwa tayari ina ugonjwa. Novemba 1968 walipiga shoo ya kuaga pale Royal Albert Hall, wakatawanyika. Miaka miwili na ushee. Na bado wapiga besi kama mimi tunakaa na nyimbo zao usiku kucha tukijaribu kufuata vidole vya Jack.

Mwaka uliofuata, Clapton na Ginger wakaingia Blind Faith pamoja na Steve Winwood na Ric Grech. Shoo ya kwanza ilikuwa Hyde Park, Juni 1969, mbele ya umati mkubwa. Albamu yao ikashika namba moja Uingereza na Marekani. Kabla mwaka haujaisha, bendi ilikuwa imekwisha. Miezi michache tu! Watu wengine wanachukua muda mrefu zaidi ya huo kuchagua jina la bendi.

Sex Pistols nao, albamu moja ya studio. Ilitoka Oktoba 1977, na Januari 1978 wakamalizana jukwaani San Francisco.

Nikajijengea nadharia tamu kabisa. Kwamba moto mkali hauwaki muda mrefu. Kwamba ugomvi ndio ulioleta ule muziki, na ugomvi huo huo ndio ulioumaliza, hakuna wa kulaumiwa. Mtu akiniuliza bendi yenu iliishia wapi, nilikuwa najibu kwa mapozi, "Bendi nzuri huwa hazidumu." Watu wanatikisa kichwa. Inasikika vizuri. Ukiisema ukiwa na miwani ya jua ndiyo kabisa.

Ukweli wenyewe ni huu. Shoo ya tatu ilikuwa harusi, bwana harusi mpenda roki kutoka familia yenye hela zao. Tulilipwa laki na themanini. Watu wanne, kila mtu elfu 45. Hela nilipokea mimi, maana mimi ndiye niliyekuwa naaminika. Mpiga dramu alichelewa siku hiyo, saa nzima na nusu. Tulianza bila yeye, mpiga solo anapiga mguu sakafuni kutupa mdundo. Aibu niliyoisikia sijaisahau. Alipofika kajaa jasho sikumuuliza kitu. Usiku wakati wa kugawana nikawapa wawili chao, yake nikabaki nayo. Nikamwambia, "Hela ni ya waliofanya kazi."

Hakubishana. Alifungua nati za dramu zake moja moja, akazipakia kwenye bajaji, akaondoka. Wiki iliyofuata mazoezi hayakuwepo. Wala iliyofuata.

Mwezi mmoja baadaye mpiga solo ndiye aliyeniambia. Siku ile Bi Mkubwa alidondoka jikoni, presha. Jamaa alimpeleka hospitali kwanza, akamwacha na mdogo wake, ndipo akaja kupiga harusi. Hakuniambia kwa sababu sikumuuliza.

Kwa hiyo, mdau, unaona jinsi Cream walivyonisaidia? Kila nilipokumbuka ile bajaji, nilikuwa naweka stori ya Jack na Ginger juu yake, kama mtu anayefunika doa la ukutani kwa kalenda. Ilikuwa rahisi kuamini kwamba tulikufa kwa sababu tulikuwa wakali, kuliko kukubali kwamba tulikufa kwa sababu mtu mmoja alikaa na elfu 45 ya mwenzake, na mtu huyo ni mimi.

Na ukizisoma hizo stori vizuri, nazo hazisemi kile nilichokuwa nataka ziseme. Ian Curtis hakuwa moto uliowaka haraka. Alikuwa kijana wa miaka 23 mwenye kifafa, akianguka hata jukwaani, ratiba ya shoo ikizidi kubana, na ndoa yake ikiyumba. Alijitoa uhai siku moja kabla ya safari yao ya kwanza ya Marekani. Wenzake wamesema mara nyingi kwamba maneno yake hawakuyasikiliza vizuri wakati yuko hai. Walisikia muziki. Waliobaki hawakuendelea na jina lile, wakaanza upya kama New Order. Hakuna kitu cha kuonea fahari kwenye ufupi wa bendi ile. Ni watu watatu waliobaki wakijiuliza maswali maisha yao yote.

Cream nao walirudi. Mei 2005, miaka karibu 37 baada ya kuaga, wakapiga usiku nne pale pale Royal Albert Hall. Wazee wa miaka sitini na kitu, Jack katoka kubadilishwa ini. Wakapiga vizuri mno. Oktoba wakaenda New York, na huko ugomvi ule ule wa Jack na Ginger ukarudi, eti besi ina kelele sana. Jack akafariki mwaka 2014, Ginger 2019. Zamani nilikuwa nasoma sehemu hiyo nasema, ona, hawabadiliki. Siku hizi naangalia zile usiku nne za London. Angalau wale wawili walipata usiku nne.

Mwezi uliopita simu yangu iliita ujumbe. Namba nilikuwa sina, lakini picha nikaitambua. "Sista, Bi Mkubwa ametutoka leo alfajiri. Nimeona ujue." Basi. Miaka mitano, na hayo ndiyo maneno.

Nilikaa na simu mkononi kama saa nzima. Niliandika ujumbe mrefu, nikafuta. Nikaandika mwingine, nikafuta. Mwishowe nikajifunga kanga nikapanda gari la Tabata.

Turubai, viti vya plastiki, kina mama jikoni kwenye masufuria makubwa. Nilienda kwanza mezani kwenye daftari la rambirambi. Nilikuwa nimeweka kwenye bahasha elfu 45 kamili. Yule kijana mwandishi akahesabu, akaniangalia, akahesabu tena. Watu wanatoa ishirini, hamsini, mia. Arobaini na tano ni namba ya nini? Akaandika hivyo hivyo, na jina langu mbele yake.

Jamaa nilimkuta amekaa na wanaume. Akasimama. Nikamwambia, "Pole sana, kaka." Akasema, "Nishapoa, sista. Umekula?" Sikuweza kujibu kitu. Akaenda mwenyewe jikoni kwa kina mama, akarudi na sahani. Wali maharage. Pembeni, kipande cha ukoko.

Nililia pale mbele za watu, na msibani hakuna anayekuuliza unalia kwa nini.

Kabla sijaondoka nilipita mlango wa stoo. Uko wazi. Magodoro bado yapo ukutani, moja limeanguka. Dramu zipo kwenye kona, zimefunikwa kanga mbili za Bi Mkubwa, zimekunjwa vizuri kuzunguka matoazi. Mdogo wake akaniambia mama alikuwa anazifuta vumbi kila Jumamosi. Alikuwa anasema, "Hao watoto watarudi, wamenuniana tu."

Siku tatu baada ya maziko, usiku, nikapata ujumbe. Walikuwa wanapitia daftari kama familia.

"Sista. Elfu arobaini na tano?"

Sikujua nijibu nini. Nikaandika, "Ndiyo."

Akakaa kimya kama dakika kumi. Nilihesabu. Halafu:

"Hiyo ni hela ya bendi. Rambirambi bado unadaiwa."

Na kikatuni cha kucheka kile cha kutoa machozi, kimoja tu.

Bendi haijarudi, msije mkaanza kuulizia tiketi. Mwimbaji yuko Dodoma na kazi yake ya serikali, mpiga solo ana watoto wawili na kibanda cha simu. Pengine hatutapiga tena hata wimbo mmoja pamoja, na miezi ile kumi na moja itabaki ndiyo yote. Inatosha, ilikuwa mizuri. Lakini nimeacha kusema kwamba bendi nzuri huwa hazidumu. Mtu akiniuliza sasa, namwambia nilimdhulumu mpiga dramu.

Kijana wa Karume nilimrudia juzi. Tisheti alikuwa bado kaivaa, imefuliwa, imepauka kidogo. Nikamlipa buku tano badala ya tatu, akaivua hapo hapo kama alivyoahidi. Jumamosi naenda Tabata kumalizia deni la rambirambi. Tisheti nimeiweka kwenye mfuko, pamoja na bahasha.