Trauti wa Ziwa Superior

Sisi tukaao kando ya Kivu na Tanganyika twajua maana ya ziwa: ni shamba, ni njia, na pengine ni kaburi. Leo twendeni mbali, mpakani mwa Marekani na Kanada, tukalione ziwa jingine la namna hiyo. Jina lake ni Superior. Eneo lake ni kilometa za mraba 82,000 hivi, wala hakuna ziwa la maji matamu duniani lililo pana kuliko hilo. Lakini kwa kina Tanganyika yalishinda: Superior lafika meta 406, na Tanganyika lapita meta 1,400.

Tufike mwezi wa Septemba unapokaribia kwisha, majira ya majani kupukutika. Misitu imegeuka rangi nyekundu na manjano, umande umeganda majanini, na pumzi ya mtu yaonekana kama moshi. Bandarini nahodha anawangoja wageni wapendao kuvua kwa ndoana. Kabla ya kung'oa nanga huzitazama mbingu na kusikiliza habari za hali ya hewa, kisha humpa kila mtu koti la kuelea majini. Si desturi tupu: maji yale ni ya baridi hata mtu akianguka mikono yake hulegea kwa dakika chache, ajapokuwa mwogeleaji hodari.

Mgeni asimdharau kiongozi. Mwaka 1846 Padre Frederic Baraga, mmisionari aliyetoka nchi ya Slovenia, alilivuka ziwa hili kwa chombo kidogo pamoja na kiongozi wa kabila la Waojibwe. Dhoruba iliwapata, lakini walifika salama katika mlango wa mto, na Padre akasimamisha hapo msalaba wa mti kwa kumshukuru Mungu. Leo pana msalaba wa jiwe mahali pale.

Samaki atafutwaye ni trauti wa ziwa. Waojibwe humwita namegos. Ngozi yake ni ya kijivu yenye madoadoa meupe, na mkia wake umegawanyika kama panda. Hupenda maji ya baridi, nyuzi 10 hivi, kwa hiyo wakati wa joto hukaa chini sana. Je, mshipi hufikaje huko? Nahodha hushusha kwa waya tufe la risasi la kilo 5 hivi. Mshipi hubanwa hapo kwa kibanio, na mwisho wake hufuata chambo cha chuma king'aacho kama kisamaki. Chombo huenda polepole, kwa mwendo wa mtu atembeaye. Samaki akiuma, mshipi huchopoka, fimbo hutikisika, na mvuvi huanza kuvuta. Trauti apandishwapo kutoka kilindini hutoa hewa iliyo tumboni mwake, na mapovu hutangulia kuonekana juu.

Maji ya juu yakipoa, trauti hupanda kwenye miamba kutaga. Hawajengi kiota, mayai huangukia kati ya mawe na kukaa humo wakati wote wa barafu. Tena hukomaa polepole, wengi hawatagi kabla ya kutimiza miaka 6 au zaidi. Ndiyo sababu katika sehemu nyingi sheria hukataza kuwavua wakati huo.

Samaki huyu alikaribia kutoweka. Mfereji uliochimbwa ili merikebu zipite kando ya maporomoko ya Niagara ulimfungulia njia mgeni mbaya, lamprei: kiumbe mrefu kama mkunga, asiye na taya, mwenye mdomo wa mviringo uliojaa meno. Hujibandika ubavuni mwa samaki na kumnyonya damu. Mwaka 1938 alionekana Superior. Katika maziwa matatu ya juu, yaani Superior, Huron na Michigan, wavuvi waliozoea kupata tani karibu 7,000 za trauti kwa mwaka, mwanzoni mwa miaka ya 1960 walipata 140 hivi tu. Nyavu nazo zilikuwa zimezidi. Chovya chovya humaliza buyu la asali.

Mwaka 1955 Marekani na Kanada ziliunda tume moja ya uvuvi. Wataalamu walijaribu maelfu ya dawa hata wakapata moja iuayo watoto wa lamprei mitoni bila kuwadhuru sana samaki wengine. Ilianza kutumika mwaka 1958. Vifaranga vya trauti vikatiwa ziwani kwa mamilioni, na uvuvi ukapunguzwa. Mwaka 2024 tume ilitangaza kwamba trauti wamerudi kikamilifu karibu katika Superior lote. Hata hivyo adui hakwisha: ugonjwa wa Korona ulipopunguza kazi hiyo mwaka 2020 na 2021, lamprei waliongezeka tena.

Basi tujifunze. Kivu pia lilipata mgeni, sambaza, aliyeletwa kutoka Tanganyika mwaka 1959, naye amekuwa chakula cha jamaa nyingi. Mgeni mmoja hulisha, mwingine huua. Kwa hiyo haifai mtu kuhamisha samaki kutoka ziwa hata ziwa kwa kujipendea. Tena, mwaka 2024 Tanzania ilifunga uvuvi katika Tanganyika tangu 15 Mei hata 15 Agosti. Mvuvi mwenye watoto hulia akiambiwa aanike nyavu miezi mitatu, na kilio chake ni cha haki, kwa maana njaa haingoji, yafaa asaidiwe. Lakini watu wa Superior walingoja zaidi ya miaka 60. Baba amrudishaye majini samaki mchanga leo, anawawekea watoto wake chakula cha kesho.